Naandika hadithi ya upelelezi wa jikoni, mgahawa uko Mtwara, mzee anaugua baada ya kula: chanzo kiwe nini?

binti_wa_feri:
Habari zenu wadau wa Kusini, naomba msaada hasa kwa mnaopika au mliokulia huku. Naandika hadithi ya upelelezi lakini sio ya bunduki na damu, ni ile ya taratibu, jambo linatokea mgahawani, mji mzima unaongea, na anayefumbua sio askari ni mama mpishi mwenyewe kwa sababu chakula chake anakijua. Nimesoma kadhaa za Wamarekani weusi zinazotokea kwenye migahawa yao ya soul food, yaani vyakula vya asili vya kwao, humo kuna kunde, bamia, mkate wa mahindi, kuku wa kukaanga, mboga za majani zimechemka mpaka zimelainika, na nilipofika kwenye kunde na bamia nikasimama kusoma kabisa. Hivi si vyakula vya Afrika, vilivuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani, sasa kwanini mgahawa wa kwetu wenye ugali wa muhogo na pweza wa nazi usiwe na hadithi yake?

Mgahawa wangu uko Mtwara mjini njia ya kwenda soko la samaki, meza sita, viti vya plastiki, wateja ni wavuvi na vibarua wa bandarini. Kuna mzee mwalimu mstaafu anakula pale kila mchana. Siku hiyo anakula, tonge la tatu anaanguka mezani, anakimbizwa hospitali ya Ligula, na jioni mji umeshasema mama katia kitu kwenye chakula. Kesho yake viti vitupu. Mzee sitaki afe, nampenda. Nataka chanzo cha kweli ambacho mpishi wa huku atakigundua kwa ulimi na macho yake. Nilifikiria korosho mbichi, mnaonaje?

mama_wali_nazi:
Mwanangu hongera kwa kazi, mimi napika mwaka wa kumi na tisa sasa na sijawahi kuona mtu anatuweka mama lishe kwenye hadithi kama watu wenye akili, kwa hiyo nakujibu kwa moyo wote. Korosho hapana. Ubaya wa korosho uko kwenye ganda, yale mafuta yake yanaunguza ngozi, na hakuna mteja atakayetafuna ganda. Ila usiitupe. Mtu anayebangua bila kupaka majivu au mafuta mikononi vidole vinakuwa vyeusi na kuchubuka, hata akioga mara ngapi haitoki leo wala kesho. Na zikichomwa kwenye debe ule moshi wake ni mzito unawasha macho, nguo inabaki na harufu. Mpishi ataona vidole vya mtu wakati anapokea chenji. Kwa hiyo korosho ikuoneshe MTU, usiipeleke kwenye sahani.

Kwenye sahani mimi ningeangalia muhogo.

mdau_newala:
Mama kamaliza, naongezea upande wa muhogo maana huku ndio kwetu. Wengi tunalima ule mchungu na watu wa mjini wanatushangaa, ila mchungu nguruwe pori na nyani hawausumbui kama ule mtamu, halafu unakaa ardhini muda mrefu unakusubiri. Shida ni kwamba lazima uutoe ile sumu, uloweke siku kadhaa mpaka ulainike, uanike ukauke haswa, ndio utwange. Sasa dada huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya kuhangaikia, kuna wakati ndoo ya maji ni mali, mtu anaona kuloweka mihogo ni kumwaga maji yake ya kunywa, kwa hiyo anamenya anakata anaanika makopa tu, na kuanika peke yake hakuitoi sumu vizuri kama kuloweka, na kukiwa na haraka hata kuanika kunakuwa kwa siku mbili tatu. Mwaka wa ukame ndio mbaya zaidi, mvua ikikosekana mihogo yenyewe inazidi uchungu na watu hawana kingine cha kula. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huu wa Mtwara na wenzetu wa Ruvuma kulitokea konzo, ugonjwa unaotokana na sumu hiyo ya muhogo, watu wakapooza miguu, wengi watoto na kina mama, na hawakupona. Hilo usiliweke kwenye hadithi yako kama mapambo, ukiligusa liguse kwa heshima.

Sasa haraka inatoka wapi? Kangomba, ile biashara ya magendo ya korosho. Kijana anayemletea mama unga anaachiwa na bibi yake kazi ya mihogo, yeye usiku anazunguka vijijini ananunua korosho za watu kwa bei ya chini kabla mnada haujafunguliwa, anataka magunia, anataka nafasi kwenye banda, mihogo iliyolowekwa jana anaitoa leo anaanika juujuu anasagisha anapeleka mjini. Na korosho chache anabangua mwenyewe kuuza kwenye vipakti pale stendi. Vidole vya mama_wali_nazi hivyo hapo.

pwani_tu:
Weka bunju. Huyo samaki hata umpike vipi sumu haitoki.

muuguzi_kusini:
Bunju ni kweli anaua na kupika hakusaidii, ila dalili yake kubwa ni midomo na ulimi kufa ganzi halafu mwili unalegea, ukiiweka hiyo kila msomaji wa pwani atajua kabla ya ukurasa wa kumi, na mpishi aliyekaa karibu na soko la samaki akikosea bunju atakuwa amejiharibia mwenyewe. Mimi niko na wa muhogo. Ila dada binti_wa_feri hapo kwenye tonge la tatu rekebisha tafadhali. Sumu ya unga wa muhogo usiolowekwa vizuri haimwangushi mtu mezani hivyo, inachukua saa kadhaa, kichwa kinauma, kizunguzungu, tumbo, kutapika, moyo kwenda mbio. Mzee ale saa saba, aage vizuri, aende zake kwenye bao chini ya mwembe, saa kumi na moja ndio ashindwe kunyanyuka. Watu watamlaumu mama kwa sababu mzee ni mjane na kila mtu anajua hali kwingine.

Jambo la pili, utaulizwa kwanini yeye peke yake. Mwili unapambana na hiyo sumu kwa kutumia virutubisho vya kwenye samaki, nyama, dagaa, maziwa, hata mbaazi kwa kiasi. Kama wenzake wamekula wali na samaki, na yeye ndio pekee anayesongewa ugali wa muhogo kwa sababu ndio chakula alichokulia, na siku hiyo hela imemwishia amekula na mboga ya majani tu, imeeleweka. Sisi wodini tunauliza umekula nini, kumbe swali zuri ni umekula na nini.

mkazi_lindi:
Nina wazo la muda tu. Hizi hadithi zinanoga watu wakiwa hawawezi kuondoka. Kabla Daraja la Mkapa pale Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, masika ikichachamaa Kusini tulikuwa kisiwa, basi linakwama siku hata wiki, wageni wanakwama. Weka mwaka 1998 au hapo, simu za mkononi bado adimu, na kila anayeshukiwa bado yupo mjini.

mdau_newala:
Mkuu wazo zuri ila masika sio msimu wa korosho, korosho zetu ni kuanzia Oktoba kwenda Januari huko. Na kangomba inauma zaidi baada ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala na minada, kuanza 2007. Mimi ningeweka 2018 kabisa, ule mwaka minada ilikwama, Novemba serikali ikasema inanunua yenyewe kilo shilingi 3,300 na wanajeshi wakaja kubeba mzigo, na waliokuwa na korosho za kangomba wakabaki wanahofia kuulizwa shamba lako liko wapi. Hapo kijana ana sababu ya kuficha magunia. Na atayaficha wapi kama sio kwenye stoo ya mama, chini ya magunia ya unga?

binti_wa_feri:
Jamani nimekaa naandika kwenye daftari mkono unauma. Nachukua 2018. Mkazi wa Lindi samahani, lakini ile ya watu kukwama nitaihamishia kwenye hadithi ya pili kabisa maana imenikaa. Muuguzi asante, mzee anahamia kwenye bao. Kijana sitamfanya muovu, alikuwa na haraka na bibi yake anaumwa, na mama ndiye aliyemlea. Kimebaki kitu kimoja kinanisumbua: mama anaonja kila kitu, mchuzi anaonja, wali anaonja, sasa unga ulimpitaje?

mama_wali_nazi:
Ugali hauonjwi mwanangu! Unasonga, ukiiva unaipua, chumvi hatutii, utaonja nini. Ndio maana mimi unga wa muhogo kila gunia jipya nachota kidogo naweka kwenye ncha ya ulimi kabla sijalipa, uchungu unakaa hapa nyuma kwenye koo unajua hata ukitema. Siku hiyo mama yako hakuonja kwa sababu aliyeleta ni mtoto wake mwenyewe, hamkagui mtoto wako. Usiku akiwa peke yake, wateja wamemkimbia, afungue stoo, aulambe ule unga. Asiseme kitu. Halafu anyanyue lile gunia alisogeze aone kilicho chini yake.

Na asubuhi kijana akija, mama amtengee chai na ming'oko, vile viazi pori vyetu, ya kuchemsha kama siku zote, amuangalie vidole wakati anamenya.

binti_wa_feri:
Mama umenitoa machozi. Sura ya kumi na moja nimeianza hapohapo kwenye ming'oko, kijana anamenya, mama amesimama mlangoni na kiganja cha unga.