Amefunua sufuria yangu!!! Columbus, Ohio, imenishinda

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule mwenye nyumba wetu. Sitaji jina, ila ukikaa Morse Road unamjua, kila msiba yeye ndiye mshika maiki wa michango. Leo saa kumi na mbili asubuhi kagonga mlango, hata kandambili sijavaa. Eti mwezi ujao kodi inatoka dola 1,150 inakwenda 1,425. Kwa kile chumba! Ukikaa chooni magoti yako sebuleni.

Namuuliza mzee, kimeongezeka nini? Anajibu, "Intel wanakuja, maeneo yamepanda." Intel! Wale wa chipu za kompyuta wametangaza kiwanda huku tangu 2022, sasa wanasema labda 2030 au 2031. Wao hawajatoa hata chipu moja, mimi nimeshapandishiwa mara tatu.

Halafu akapita jikoni. AKAFUNUA SUFURIA. Mchuzi wa mbuzi wa jana. Akachungulia, akanusa, akasema, "Mbuzi unakula, kodi huna?" Akafunika, tena upande.

Mama yangu mzazi hafunui sufuria yangu. Kodi tutapambana nayo, lakini sufuria, wakuu! Kanusa kabisa!

kandambili_moja: Hujaeleza vizuri. Wa nazi au mchuzi mtupu?

MamaWawili614: Pole kaka. Ila 1,425 ndiyo unalilia? Kulelewa mtoto mmoja mchana kunanikomba kuliko hiyo kodi yako, na bado wananipigia saa nane nimfuate, ana mafua. Namsubiri bibi yake apate viza kama nasubiri mvua.

Mleta uzi: Dada, wewe hujafunuliwa sufuria.

Hamnazo Mkubwa: Humu humu mlituambia Ohio maisha rahisi. Nikaacha kazi Maryland, nikafunga mizigo. Nawadai nauli.

Bosi wa Ghalani: Na ile kodi ya mapato ya jiji, asilimia 2.5, mbona hamuisemi? Inakatwa kabla hujaigusa hela. Ndiyo maana Kiswahili kikaita vyote kodi, cha mwenye nyumba na cha serikali. Wazee waliona mbali.

Mleta uzi: Tunazungumzia SUFURIA.

kandambili_moja: Uza gari uongeze kodi.

Hamnazo Mkubwa: Auze gari aende kazini na nini? Mji mzima hauna treni. Basi ni dola 2, sawa, lakini Januari ulisubiri pale kituoni mpaka theluji ikupige kilemba. Mimi gari langu bima ya mwaka imezidi bei niliyolinunulia, na mlango wa nyuma nafungulia kwa ndani.

MamaWawili614: Wa kwako unafunguka?

Shemeji Westerville: Subirini kwanza. Mleta uzi, si wewe uliyekuja kwangu Krismasi, hata salamu hujamaliza ukafungua friji?

Mleta uzi: Friji si sufuria.

Shemeji Westerville: Ulikunywa juisi ya mtoto.

kandambili_moja: 😂😂😂 Mzee wa maiki arudi amalizie na friji.

Bosi wa Ghalani: Tuache utani, mbuzi mnanunua wapi siku hizi? Cleveland Avenue wamepandisha tena, na ratili nusu mifupa.

MamaWawili614: Tuchange watu wanne Jumamosi tukachukue mzima shambani, wachinje tunaona.

Hamnazo Mkubwa: Naingia. Kichwa na utumbo vyangu.

Mleta uzi: Mguu wa nyuma niwekeeni mimi. Nalipa Ijumaa.