Mkate wa kitunguu saumu: ununue dukani au uupike nyumbani?

Mama wa Mwanga (Kigoma):

Nawasalimu nyote. Naomba ushauri kuhusu jambo lililozua mjadala nyumbani kwangu tangu wifi yangu alipofika kwa treni kutoka Dar es Salaam akiwa na pakiti mbili za mkate wa kitunguu saumu, alizozinunua katika duka kubwa la vyakula. Ni ule mkate mrefu uliokatwakatwa bila kutenganishwa, ukapakwa siagi yenye kitunguu saumu katikati ya kila mkato, na mnunuzi hana kazi nyingine isipokuwa kuupasha moto. Tuliula na mchuzi wa migebuka, na watoto waliupenda hadi wakawa wanagombania vipande vya mwisho.

Jumamosi iliyofuata niliona haifai kusubiri mtu asafiri zaidi ya kilomita 1,200 za reli ndipo sisi tule mkate. Nilitwanga punje sita za kitunguu saumu, nikachanganya na majarini, nikapaka juu ya slesi za mkate wa kawaida, kisha nikazipanga ndani ya sufuria na kupalia makaa juu na chini. Nilipofunua, kitunguu cha juu kilikuwa kimeungua na kuwa kichungu, kile kilichozama ndani kilikuwa bado na ukali wa ubichi, na slesi zenyewe zilikuwa zimelowa mafuta upande wa chini. Watoto waliuliza kama ule wa shangazi umebaki.

Je, huo wa dukani una nini ambacho mimi sina? Na wale wanaosema kwamba wa nyumbani ni mtamu zaidi wanaufanyaje?

Mwokaji wa Ujiji:

Pole sana, dada yangu. Nimeoka mikate kwa tanuri la kuni hapa Ujiji kwa miaka kumi na moja, na mkate wa aina hiyo uliwahi kunishinda kwa namna hiyohiyo uliyoieleza. Ulitaka moto mmoja ufanye kazi mbili zisizokwenda kwa mwendo mmoja. Kitunguu saumu kina sukari ndani yake, na kikishatwangwa huwa vipande vidogo sana, hivyo kikikaa juu ya mkate huungua kabla mkate wenyewe haujapata joto la kutosha. Wifi yako alikuletea jibu ndani ya pakiti: kumbuka kwamba siagi ilikuwa katikati ya mikato, wala haikupakwa juu, na kwa hiyo ganda la mkate ndilo lililopokea moto huku kitunguu kikiiva taratibu kwa joto la ndani.

Kuhusu ukali wa ubichi, ni vizuri kujua unatoka wapi. Punje nzima ya kitunguu saumu hainuki sana. Ukiiponda, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake hukutana, na hapo ndipo huzaliwa ule ukali unaopanda puani, ambao wataalamu huuita alisini. Joto huutuliza. Kwa hiyo ponda punje tano pamoja na chumvi kidogo, ziache dakika kumi hivi ili harufu ikamilike, kisha yeyusha gramu 100 za siagi kwenye kikaango, juu ya makaa uliyoyafunika jivu nusu yake. Tia kitunguu na ukoroge bila kuondoka. Baada ya dakika mbili au tatu utasikia harufu ikibadilika kutoka kwenye ukali na kuelekea kwenye utamu, huku kitunguu kikiwa bado na rangi ya majani makavu. Ipua hapohapo, kwa sababu mafuta ya moto huendelea kupika hata yakiwa nje ya jiko. Acha siagi ipoe hadi ianze kuganda tena, ndipo uipake kwa kijiko ndani ya mikato.

Mafuta kulowa chini kuna sababu mbili. Slesi laini hunywa kila kinachomwagwa juu yake, kwa hiyo tafuta mkate mzima wenye ganda gumu, na ukiwa wa jana ni bora zaidi. Vilevile, siagi halisi ya maziwa ina mafuta kama asilimia 80, lakini baadhi ya majarini zina mafuta pungufu na maji mengi zaidi, na maji hayo ndiyo yanayoufanya mkate uwe tepetepe. Soma kibandiko kabla ya kununua.

Kwa upande wa sufuria, litangulize motoni likiwa tupu, weka mawe madogo safi chini, juu yake sahani ya bati, halafu mkate. Makaa machache yawe chini na mengi yawe juu ya mfuniko. Uufunge mkate kwa foili dakika kumi, kisha uifungue na uuache dakika tatu au nne ili ganda likauke. Ule wakati huohuo, mafuta yakiwa bado yanachemka ndani ya mikato. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mkate wa nyumbani unapoushinda wa dukani, hata ule wa dukani uwe umetengenezwa kwa ustadi kiasi gani.

Muuguzi wa zamu (Tabora):

Naheshimu maelezo ya ndugu mwokaji, lakini naomba niutetee mkate wa dukani, kwa sababu mimi ninaula kwa furaha na sioni haja ya kuuombea radhi. Natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi nikiwa nimechoka, na siwezi kusimama juu ya kikaango nikisikiliza harufu ya kitunguu. Sifa yake kubwa ni kwamba hautofautiani: ukiupenda leo, wiki ijayo utaukuta vilevile.

Watu wengi huuharibu wenyewe wakati wa kuupasha. Usiuweke katika friji ya kawaida, kwa maana mkate hauwi mgumu kwa kukauka tu. Wanga uliomo hujipanga upya na kukakamaa, na baridi ya friji huharakisha jambo hilo. Uweke kwenye friza, au uutumie upesi. Joto linapopita nyuzi 60 hivi, wanga hulainika tena, ndiyo maana mkate uliopashwa vizuri huwa kama umetoka kuokwa. Nyunyizia ganda maji matone machache kabla ya kuupasha.

Wa unga wa kitunguu saumu siupendi sana, ingawa nautumia siku nisipokuwa na kibichi. Unga huo uloweshe kwanza kwa kijiko kimoja cha maji kwa dakika chache, ndipo uuchanganye na siagi, kwa sababu bila maji harufu yake haiamki.

Mzee wa michikichi (Kigoma Vijijini):

Wanangu, nimesoma yote na nimefurahi. Jambo moja tu limenishangaza, kwamba mko Kigoma na hakuna aliyetaja mawese.

Asili ya mkate huu, kwa ninavyofahamu, ni Italia, ambako mkate huchomwa, ukasuguliwa punje mbichi ya kitunguu saumu ukiwa bado wa moto, kisha ukamiminiwa mafuta ya zeituni, kwa kuwa mizeituni ndiyo iliyokuwa shambani mwao. Wahamiaji wa Kiitalia walipokwenda Marekani walikuta siagi ni nyingi, nayo ikachukua nafasi ya zeituni. Ikiwa wao walibadili mafuta kufuata nchi waliyoikuta, sioni kwa nini sisi tuliozungukwa na michikichi tusafirishe siagi kutoka mbali.

Nyumbani kwangu tunafanya hivi. Tunachukua mawese mapya, yaliyokamuliwa karibuni, ambayo bado yana harufu ya tunda na hayakwaruzi koo. Tunayapasha kwa moto mdogo pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa, kama alivyoeleza ndugu mwokaji, na tunaongeza chumvi na pilipili mbuzi nusu. Mkate unatoka na rangi ya chungwa iliyokolea, rangi ileile ya karoti, na ukiuchovya katika mchuzi wa dagaa au wa kuhe hutatamani siagi. Wageni wasioyazoea mawese wachanganyieni nusu kwa nusu na siagi, kwa sababu ladha yake ina nguvu na huweza kukifunika kitunguu.

Mama wa Mwanga (Kigoma):

Shikamoo mzee wangu, na asanteni sana nyote. Jana nilipika mikate miwili. Wa kwanza ulikuwa wa siagi kwa maelekezo ya ndugu mwokaji, na ni kweli kwamba harufu inabadilika ghafla. Nilikuwa nimeinama juu ya kikaango, nikaisikia, nikaipua. Ganda lilivunjika kwa sauti nilipotenganisha vipande, na hapakuwa na uchungu wowote. Wa pili ulikuwa wa mawese nusu na siagi nusu. Upande mmoja uliungua kidogo kwa kuwa makaa ya juu yalirundikana sehemu moja, lakini huo ndio uliokwisha kwanza, na mume wangu alifuta sahani ya mchuzi kwa kipande cha mwisho.

Ile pakiti ya pili ya wifi bado iko kwenye friza, nami nitaitumia siku za katikati ya wiki kama alivyoshauri dada wa Tabora. Swali limebaki moja kwa ndugu mwokaji: mkate mzima wenye ganda gumu nimeupata kwa shida hapa Mwanga. Je, unaoka siku zipi, na ukiagizwa unaweza kuniwekea miwili ya jana?

Mwokaji wa Ujiji:

Ninaoka kila siku isipokuwa Ijumaa, dada yangu. Tuma mtu Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi. Nitakuwa nimekuwekea miwili ya Alhamisi, nayo itakuwa imekauka inavyotakiwa.