Kumrushia mwenzio hadithi ya kulipia ni wizi au si wizi? Tujadiliane

Wakuu, salaam. Naomba jambo hili tulijadili kwa uzito, maana mimi linanigusa mfukoni na rohoni pia.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, naishi Tabata. Mchana nipo kwenye steshenari moja maeneo ya Mwenge, nachapa barua za maombi ya kazi na kutoa kopi. Usiku naandika. Mwaka jana niliuza hadithi kwa sehemu kwenye grupu la WhatsApp. Zilikuwa sehemu 40 kwa shilingi 2,000 tu, unalipa kwa simu ndipo unaunganishwa. Walilipa watu 87.

Nilipofika sehemu ya 31 dada yangu wa Mbagala alinipigia kwa furaha. "Mdogo wangu, ile hadithi yako huku kwenye kikoba chetu inasomwa balaa!" Akanitumia nione. Kuna mtu alikusanya sehemu zote akazifanya PDF moja, jina langu akalitoa, na namba ya kulipia akaifuta. Chini yake akinamama wanabishana kama mtunzi ni mwanamume au mwanamke. Niliyasoma mabishano yale mpaka mwisho huku mteja amesimama na karatasi zake ananisubiri. Walikuwa wanawapenda watu niliowatunga mimi, wanawagombania kama ndugu zao. Nilifurahi, nikaumia, na hadi leo sijui lipi lilizidi.

Mimi nasema ni wizi. Ila najua wengi wenu hapa hamkubali, na sababu zenu nimezisikia mara nyingi, kwa hiyo nianze nazo.

Ya kwanza ni kwamba kitabu siku zote kinaazimwa. Kweli, na mimi nimekua kwa vitabu vya kuazima. Lakini nikikuazima kitabu, kwangu hakipo mpaka ukirudishe, na siku ukikirudisha kimechanika tunanuniana. PDF haiazimwi. Ukimtumia mmoja mna mbili, kesho ziko mia tatu.

Ya pili, eti ninatangazwa. Natangazwaje na jina limefutwa?

Ya tatu ndiyo inayoniuma kuijibu: vitabu ni ghali na havifiki. Hapa nakiri. Pale steshenari nimewahi kumtolea kopi mwanafunzi kitabu teule kizima, kurasa zote, kwa sababu mama yake alikuwa na hela ya kopi na hakuwa na hela ya kitabu. Sikumkatalia, na hata leo sidhani ningemkatalia. Ila kitabu kilicholala dukani mtaa wa Samora kwa bei asiyoiweza mtu ni jambo moja, na hadithi ya 2,000 iliyomfikia mkononi kwake Mbagala ni jambo lingine.

Wengine mtaniuliza kwa nini nisichapishe kitabu kama waandishi wa kweli. Nilichapisha. Nakala 300, kila moja ilinigharimu 6,000 kwa mchapaji, nikauza 12,000. Duka likichukua asilimia 35 unabaki na 7,800, faida 1,800. Zikiisha zote 300 ni shilingi 540,000 kwa riwaya niliyoiandika mwaka mmoja na miezi minne. Chumba changu ni 70,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, ambayo ni 420,000. Na hazijaisha, maboksi mawili yako chini ya kitanda. Wachapishaji wakubwa nao wanakimbilia vitabu vya shule, na siwalaumu, kwa sababu shule ndiyo inayonunua kwa wingi. Riwaya ikiingia kwenye orodha ya sekondari mtunzi anapumua. Isipoingia, anasubiri bahati.

Kuna kaka mmoja aliwahi kuniambia nitafute kazi ya maana niandike kwa ridhaa, mbona Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali? Ni kweli, alikuwa mtumishi wa serikali. Kezilahabi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Gurnah wetu wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021 alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Wote walikula mshahara wa kazi nyingine. Mimi hilo silioni kama ushauri. Naliona kama ushahidi kwamba hata walio bora kuliko sisi sote hawakuachiwa waishi kwa riwaya peke yake.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike leo. Mnalalamika kila siku kwamba hadithi za mitandaoni zinafanana: mapenzi, usaliti, mganga, mke mdogo. Mnasema waandishi tumeishiwa. Ngoja niwaambie kilichotokea sehemu ya 22. Kuna kijana alitakiwa afe pale. Hadithi nzima niliijenga juu ya kifo chake, mama yake ndiye angebaki kuibeba. Nilipodokeza tu, grupu likachafuka. Watu kama kumi wakasema akifa wanajitoa na hela yao nirudishe. Saa tisa usiku nimekaa napiga hesabu. Elfu ishirini ni umeme na unga. Nikamwacha hai.

Aliishi, na hadithi ikafa. Wasomaji walishangilia na mimi sikulala, na tangu siku ile kila nikiandika sentensi nzuri nahisi kama siistahili.

Kama wote walioisoma wangelipa, wale kumi wangejitoa nami ningewaaga kwa heshima. Lakini ukiishi kwa watu 87, kila mmoja anakuwa tajiri wako. Mwandishi anakuwa mwoga, anaandika kilekile kilicholipa jana. Kwa hiyo anayerusha PDF haibi 2,000 tu, anaiba na ile hadithi ambayo ningethubutu kuiandika.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu ya kwanza:

Mmoja amesema niende kwenye sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Naifahamu na naiheshimu. Nimshitaki nani? Dada yangu na wenzake wa kikoba? Wao walitumiwa, hawakujua hata ya nani. Aliyefuta jina langu ndiye ninayemtaka, na huyo simjui.

Mwingine amesema tuzo zipo. Ndiyo, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ilianza kutolewa mwaka 2023, na nilifurahi kama nimeshinda mimi. Lakini tuzo inawafikia wachache. Kodi ya nyumba inatufikia wote.

Dada aliyeandika kutoka Temeke ndiye aliyenigusa. Anasema wanawake wa vikoba wanasoma pamoja, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza huku wanasuka, na kumtaka kila mmoja alipe peke yake ni kutoelewa wanavyoishi. Anapendekeza bei ya kikundi: kikoba kinalipa mara moja, jina la mtunzi linabaki, PDF haitoki nje ya kikundi. Nimelifikiria tangu asubuhi na naliona lina haki ndani yake. Kikoba cha watu 30 kilipe ngapi? Nataka kuwasikia hasa nyinyi ambao hamjawahi kulipa.