Kundi lisilo laini linapataje aljebra ya Lie?

kibwana_hesabu: Habari wakuu. Kundi la Lie kama mizunguko ya 3D naelewa, unachukua tanjenti pale kwenye elementi 1 unapata aljebra yake ya Lie (nafasi ya vekta yenye mabano [x,y]). Sasa nasikia hata kundi la kawaida tu, halina umbo wala kalkulasi, nalo lina yake. Inatoka wapi kama hakuna cha kutafutia derivativu?? Mfano plz

mama_matrisi: Inatoka kwenye komuteta mdogo wangu, [x,y]=x⁻¹y⁻¹xy. G yenyewe iite γ1, γ2 ni ile inayozalishwa na komuteta zote za G, γ3 komuteta za γ2 na G, unashuka hivyohivyo. Kila γn/γn+1 (yaani γn ukiigawanya kwa ngazi inayofuata) ni abeliani, xy=yx, kwahiyo pale unajumlisha bila shida, unaziunganisha zote na komuteta inageuka kuwa mabano ya Lie. Ndani ya kundi kuna kanuni ya Hall na Witt, inaunganisha komuteta za x, y, z, imejaa makorokoro, ila ukigawanya kwa ngazi inayofuata yote yanafutika inabaki Jacobi safi kabisa (sharti la mabano ya Lie: [x,[y,z]]+[y,[z,x]]+[z,[x,y]]=0), hapo ndo pananifurahisha kila mara. Kiukweli unapata ringi ya Lie juu ya Z (namba kamili), ukitaka aljebra piga tensa na Q, yaani ruhusu kuzidisha kwa sehemu pia.

Mfano chukua matrisi 3×3 za pembetatu ya juu, 1 kwenye mshazari, namba kamili. γ1/γ2 ni Z², γ2 ni Z, γ3 hamna kitu. x na y zina 1 moja moja kwenye nafasi mbili zilizo juu tu ya mshazari, z ina 1 kwenye kona, na [x,y]=z, ndo ringi ya Heisenberg hiyo.

Juma_wa_Aljebra: Na kundi huru la herufi mbili (maneno ya herufi hizo na vinyume vyake, bila sharti jingine) linakupa ringi huru ya Lie, Witt alionyesha 1937, vipimo vya ngazi zake vinaenda 2, 1, 2, 3, 6, 9... Ila A5 (kundi la permutesheni shufwa za vitu 5) inakupa sifuri maana komuteta zake zinarudisha A5 nzima.

kibwana_hesabu: Aisee asanteni sana. Kwahiyo makundi mawili tofauti yanaweza kutoa kitu kilekile?

mama_matrisi: Ndio, D4 (simetria za mraba) na Q8 (±1, ±i, ±j, ±k), zote za elementi 8, ringi zao hazitofautiani hata kidogo. Ukitaka kuzitofautisha tumia msururu wa Zassenhaus kwa p=2, ni kama ule wa γ ila huo unabeba na kipeo cha pili. Kwenye Q8 kila x nje ya kitovu (zile zinazobadilishana na zote), x² inatoa −1, kwenye D4 viakisi vinatoa 1, hapo zinaachana.