Picha inajaa chenga nikikaribia mpaka wa shamba: ninunue antena gani ya droni?

Kijana_wa_Nanguruwe
Habari zenu wakuu. Ninaomba ushauri kabla sijamaliza kutuma fedha. Ninarusha droni yenye propela za inchi tano kwa kutumia miwani inayonionyesha picha ya kamera yake, picha ni ya analogi katika masafa ya gigahezi 5.8, na transimita ya video inafika miliwati 400. Ninarukia shamba la korosho la mjomba huku Nanguruwe. Nikikaribia mpaka wa shamba, kama mita mia tatu hivi, picha inajaa chenga, ninazima mota na droni inaishia matawini. Ninataka kujua antena yenye nguvu kuliko zote ni ipi, na nitaikinga vipi isivunjike kila droni inapoanguka. Kuna muuzaji wa Dar es Salaam anayenishauri nichukue pia transimita ya miliwati 1,600. Naombeni msaada, maana nimeanza kukata tamaa.

Fundi_Mikindani
Mkuu, antena haitengenezi nguvu, inagawa ile iliyopewa na transimita. Antena ya duara iliyo juu ya droni hutawanya mawimbi pande zote kwa umbo la pete nene, ikiacha upofu juu na chini yake, na ndiyo maana picha hukatika droni ikiwa juu ya kichwa chako hata kama iko karibu. Antena bapa ya kwenye miwani hukusanya mawimbi ya upande mmoja. Inafika mbali, lakini ukiipa mgongo inakuangusha. Kwa hiyo droni hufungwa ya duara, na miwani yenye mapokezi mawili hufungwa moja ya duara na moja bapa. Sasa tuambie ulichoacha: droni ina antena gani hivi sasa, imefungwa wapi, na ya miwani ni ya mkono wa kulia au wa kushoto, yaani mawimbi yake huzunguka kuelekea upande upi?

Mama_Shangani
Mwanangu, mimi ningeanza na chumvi. Mwenzako ninarusha ufukweni hapa Shangani, naitazama Msanga Mkuu ng'ambo ya maji, na adui yangu ni ule unyevu wa bahari unaoingia ndani ya konekta, pale antena inapokaziwa. Kuna kipindi picha yangu ilikuwa inapungua kidogo kidogo, nikawa nalaumu betri, kumbe nilipoifungua antena nilikuta ukijani umezunguka ile pini ya katikati. Niliisafisha kwa mswaki mkuukuu na alkoholi ya asilimia zaidi ya 90, nikaacha ikauke kabisa, na picha ikarudi. Tangu hapo nikitoka ufukweni ninafuta konekta kabla ya kitu kingine chochote. Na ukipaka bodi ile rangi ya kuzuia maji, hakikisha haiingii ndani ya konekta, kwa sababu inazuia umeme pia.

Mzee_wa_Kibali
Wajukuu, mnashauriana mawimbi na hakuna aliyemuuliza kijana kama ana kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwamba shamba ni la mjomba haimaanishi kwamba anga nayo ni ya mjomba. Transimita nayo ni chombo cha redio, kwa hiyo Mamlaka ya Mawasiliano ina neno lake hapo, na miliwati 1,600 si za kuchezea, hasa kama kuna siku utasogea karibu na uwanja wa ndege wa Mtwara. Vijana wa siku hizi mnaanza na nguvu kabla ya utaratibu.

Kangomba_Mstaafu
Mimi ninamwonea huruma mjomba. Msimu ukifika, badala ya kuokota korosho ataokota propela. Kijana, mwombe apogolee mikorosho yake. Mavuno yataongezeka na picha itatakata kwa gharama moja.

Kijana_wa_Nanguruwe
Ahsanteni. Mzee, suala la kibali ninalifuatilia. Fundi, miwani ina antena mbili, zote za mkono wa kulia. Ya droni ni antena ya kawaida tu, nyeusi, ndefu kidogo, nimeilaza chini ya betri na kuikaza kwa mkanda ili isivunjike tena. Tangu niifunge hivyo haijapata hata mkwaruzo, kwa hiyo upande wa ulinzi nadhani nimefanikiwa. Kilichobaki ni nguvu.

Fundi_Mikindani
Haijapata mkwaruzo kwa sababu umeizika. Fremu yako ni ya kaboni, nayo kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo inayazuia mawimbi, na betri iliyo juu yake inafanya vivyo hivyo. Lakini kuna jambo umelipita haraka. Antena za 5.8 huwa fupi, kwa sababu wimbi lake lina urefu wa milimita 52 tu. Hiyo nyeusi na ndefu imetoka wapi?

Kijana_wa_Nanguruwe
Imetoka kwenye rauta ya zamani ya intaneti ya nyumbani. Ya awali ilikatwa na propela droni ilipoanguka. Kabla hamjanicheka, nilifikiria vizuri: rauta ilikuwa imeandikwa 5G, ambayo haiko mbali na 5.8, na konekta iliingia na kukaza barabara bila kulazimishwa. Halafu transimita ya miliwati 1,600 nimekwisha kuilipia nusu, na muuzaji amesema ikifika itafidia upungufu wa antena. Ndiyo maana swali langu lilikuwa kuhusu antena ya kuendana nayo, si kuhusu hii.

Fundi_Mikindani
Ahaa. Masafa si tatizo kubwa, kwa sababu antena nyingi za rauta za gigahezi 5 hufanya kazi karibu na masafa hayo. Kwamba hiyo ya rauta ni ya wimbi lililonyooka na miwani yako ni ya wimbi linalozunguka, hapo unapoteza kama desibeli 3, yaani nusu ya nguvu. Inauma lakini haiui. Kinachoua ni konekta. Chukua tochi ya simu uangalie katikati. Transimita nyingi za droni zina konekta ya SMA, ile ndogo ya kuzungushia, yenye tundu, inayotaka antena yenye pini. Antena za rauta kwa kawaida ni za aina iliyogeuzwa: uzi wa kuzungushia ni ule ule, lakini katikati kuna tundu badala ya pini. Zikikutana zinakaza barabara, kama ulivyosema, ila ni tundu kwa tundu na hakuna kinachogusana. Maana yake umekuwa ukiiwasha transimita bila antena, nayo nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na kuichemsha sehemu ya mwisho ya transimita mpaka iungue. Ukifunga hiyo ya miliwati 1,600 kwa namna hiyo hiyo, utaiunguza haraka zaidi.

Na hata ukifunga kila kitu sawasawa, kutoka 400 hadi 1,600 ni mara nne ya nguvu, na mara nne ya nguvu hukupa mara mbili tu ya umbali, tena kwenye uwazi. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hunywa masafa haya.

Lindi_Mitwero
Samahanini, lakini naona hapa tunanyweshwa chai. Katika ujumbe wa kwanza picha inamkatikia mita mia tatu. Sasa tunaambiwa antena haigusi chochote na imelala chini ya betri. Kwa hali hiyo hafiki hata mita mia, sembuse mia tatu katikati ya mikorosho. Ama rauta ni ya kutunga, ama mita mia tatu ni za kutunga. Na huyu muuzaji anayetajwa kila mara bila jina, ninahisi baada ya muda mfupi atajitokeza hapa na bei zake.

Kangomba_Mstaafu
Hata mimi nilishangaa mtu kumjua muuzaji wa miliwati 1,600 na asijue pini na tundu.

Mama_Shangani
Mwacheni kwanza ajibu. Mwanangu, hizo mita mia tatu ulizifikia na antena ipi?

Kijana_wa_Nanguruwe
Nilizifikia na ile ya awali, kabla haijakatwa. Niliandika hivyo kwa sababu niliona nikieleza kwamba sasa hata mstari wa kwanza wa mikorosho siuvuki, mtanijibu kuhusu hitilafu na kuliacha swali la ununuzi. Sina duka wala simuuzii mtu. Nimetazama kwa tochi muda huu: upande wa transimita kuna tundu dogo lenye rangi ya dhahabu, upande wa antena kuna tundu pia, na ukingo wa plastiki nyeupe kuzunguka tundu la transimita umegeuka kahawia upande mmoja. Ndugu wa Mitwero, hiyo kahawia nisingeweza kuibuni.

Lindi_Mitwero
Kahawia ninaikubali. Ya muuzaji bado ninaiweka kiporo.

Fundi_Mikindani
Basi tuje kwenye ununuzi. Agiza antena mbili za duara za mkono wa kulia, si moja, kwa sababu antena ni kitu cha kuvunjika. Ukichanganya kulia na kushoto unapoteza karibu picha yote. Mwambie muuzaji kwa maneno wazi kwamba unataka yenye pini katikati, na akutumie picha ya konekta kabla ya kufunga mzigo.

Kuhusu ulinzi, usiifiche antena, ila izuie isibebe uzito wa ajali. Isikazwe moja kwa moja kwenye bodi ya transimita, kwa sababu ikigonga tawi itang'oa konekta pamoja na risasi iliyoichomelea. Weka kebo fupi ya kuunganishia, na konekta uifunge kwenye fremu kwa nyuma, katika kishikio cha plastiki laini kinachopinda. Kichwa cha antena kivuke juu ya betri na kilale kidogo kwa nyuma, ili droni inapoinama kwenda mbele antena isimame wima. Kisha zungusha propela kwa kidole, uone kwamba hata antena ikipinda haifikiwi. Kama kebo yako inaishia kwenye kile kiunganishi kidogo kabisa cha kubonyeza, usikichomoe ovyo. Kimeundwa kuchomekwa takriban mara 30 tu. Kiwekee tone la gundi ya moto kisitikisike.

Kijana_wa_Nanguruwe
Nimeelewa, na antena nitaagiza hizo mbili. Lakini transimita siirudishi. Fedha ya nusu hairejeshwi, na hii niliyonayo huenda imekwisha kuungua.

Fundi_Mikindani
Sawa, fedha ni yako. Itakapofika funga antena kwanza, ndipo uchomeke betri, na mezani uiache kwenye miliwati 25, kwa sababu bila upepo wa kuruka inachemka haraka. Hata shambani anza na 400 zile zile, uone antena mpya inakufikisha wapi.