Eti risiti ya dagaa! Huyu mtu wa grupu la paka ana akili timamu?

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa kwenye daladala, mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie.

Watu wa Mwanza mnamjua, simtaji. Yule wa kaptula ya mifuko mingi, anayejiita mlezi wa wanyama wakati kwake hata panzi hajawahi kulala.

Paka kagongwa na bodaboda Kirumba, mguu wa nyuma unaning'inia. Grupu zima likalia, emoji za machozi mpaka simu ikajaa. Nani amchukue? Kimya. Nikamchukua mimi, chumba kimoja cha kupanga, namficha mwenye nyumba asimwone. Daktari wa mifugo wateja wake ni ng'ombe na nguruwe, ila alikubali: picha ya mguu, usingizi, chuma, sindano, na chanjo ya kichaa cha mbwa juu. Mchango wa grupu ukaishia kwenye picha. Kilichobaki nimetoboka mimi.

Usiku namnywesha dawa kwa bomba la sindano, ananichana mikono, kisha namchambulia dagaa mmoja mmoja maana wa kuanikwa chini wana mchanga. Na vichwa hali, mheshimiwa.

Leo sasa, Mwaloni, katikati ya wauza samaki, mtu mzima ananipazia sauti: "Risiti ya dagaa iko wapi?"

RISITI. YA. DAGAA. Mama anapima kwa kisado, anakuongezea kwa kiganja, nimwambie achape risiti ya EFD, ile mashine ya kodi? Kina mama walicheka mpaka mmoja akaniuliza, "Baba, nikuandikie kwenye mfuko?"

Na huyuhuyu ndiye aliyeshauri paka apewe Panadol. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja! Daktari nusura amtimue. Leo ananidai risiti. Ya dagaa!

Ngosha wa Igoma: Pole mkuu. Kisado sh. ngapi? Uzi hauna bei.

Sato Mkavu: Paka kawekewa chuma, mimi na ngiri yangu naambiwa nisubiri mavuno. Naomba namba ya huyo daktari.

Mama Furu: Si ulete risiti tu yaishe?

Mleta uzi: Mama Furu, ni wewe??

Mama Furu: Jibu swali.

Bwiru Juu: Afadhali wewe una paka. Jirani yangu anafuga jogoo, analala juu ya jiwe mkabala na dirisha langu. Saa tisa usiku anaanza. Nimemwambia mwenyewe, kanijibu nihamie Nyegezi.

Sato Mkavu: Jogoo wa saa tisa huyo ni kitoweo, amejitangaza mwenyewe.

Kamanga Feri: Mnalilia dagaa? Mweka hazina wetu wa mchango wa harusi kaandika "mengineyo, laki nne". Tukimuuliza anasema tuna roho mbaya.

Ngosha wa Igoma: Mengineyo ana jina na amepangishiwa Buhongwa.

Mleta uzi: Jamani, paka.

Bwiru Juu: Huyo paka akipona anaweza jogoo?

Mtu wa Musoma: Poleni na mchanga. Dagaa wa kwetu wanaanikwa kwenye chanja.

Ngosha wa Igoma: Chanja gani? Hao dagaa mnachukua Ukerewe mnabadilisha gunia.

Mtu wa Musoma: Msukuma na dagaa wapi na wapi, wewe rudi kwenye michembe yenu ya viazi.