Filamu za majaribio zinazohusu kifo, mnaziangaliaje?

chekecha: Wadau habari zenu, jana nimemaliza Blue ya Derek Jarman, ile ya 1993. Dakika 79 skrini bluu tupu mwanzo mwisho, hakuna mtu hakuna nyumba, ni sauti za watu wanaongea na muziki basi, mwanzoni nikajua laptop imeganda 😂 Najua jamaa alikuwa anaumwa, ila nieleweshani, hii ni filamu kweli au mchezo wa redio uliopakwa rangi? Na za aina hii nyingine niangalie ipi?

nyota_mkia: Mkuu, Jarman alikuwa na UKIMWI na macho yanaondoka, akafariki Februari 1994, filamu hata mwaka haijamaliza. Sasa mtu anayepofuka ulitaka akuonyeshe nini? Halafu irudie tena usiku taa zote zima, ile bluu ukiikodolea muda mrefu jicho lenyewe linaanza kutengeneza vivuli, hata kapunje ka vumbi kwenye kioo kanakuwa tukio. Redio haikufanyii hivyo.

mzee_wa_projekta: Mi hizi nyingi naonaga usanii wa kutuchosha tu ila Stan Brakhage namvulia kofia. The Act of Seeing with One's Own Eyes, 1971, kaingia na kamera mochwari ya Pittsburgh madaktari wanapasua maiti, nusu saa na ushee haina sauti hata chembe. Kuna pale ngozi ya kichwa inavutwa kwa mbele inafunika uso, yaani mtu anageuka kitu mbele ya macho yako, na hakuna muziki wa kukuambia ulie au uogope. Usiangalie unakula. Kama moyo mdogo anza na Mothlight yake ya 1963, hiyo hakutumia hata kamera, kabandika mabawa ya nondo na majani kwenye utepe wa gundi, maabara ikaunakili kuwa filamu ya kuonyesha, dakika kama nne imeisha.

bintisinema: Mmeisahau Decasia ya Bill Morrison (2002)! Yeye kaokota filamu za zamani za nitrati (mikanda ya kizamani inayooza ikikaa sana) zilizooza, kaziacha na uozo wake. Kuna bondia anatupa ngumi, pale alipokuwa anapiga pameoza pote, kwahiyo anapigana na doa linalochemka. Hapo hafi mtu, inakufa filamu yenyewe.

chekecha: Dah hiyo ya bondia naitafuta leo leo. Ya mochwari mzee niache kwanza 🙏 Decasia ina maongezi au nayo kimya?

bintisinema: Maongezi hamna, ni muziki wa okestra wa Michael Gordon, na ni kelele kwelikweli, punguza sauti kabla hujabonyeza.